Laptopu ya Zamani Haiwaki: Jua Kwanza Imekwama Wapi

Katika steshenari yangu hapa Nyegezi, Mwanza, kwenye njia ya kwenda Malimbe chuoni, hakuna neno ninalolisikia kila wiki kama "haiwaki". Mtu anaingia amekumbatia begi, anaitoa laptopu, anaiweka juu ya meza, anasema "fundi, haiwaki", halafu ananyamaza akisubiri kutajiwa bei. Mimi humwomba kwanza aiwashe mbele yangu. Mara nyingi kuna kinachotokea. Taa ya pembeni inawaka. Au feni inavuma kidogo na kunyamaza. Au nembo ya kampuni inajitokeza, kisha maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kwa mwenye nayo yote hayo ni kutowaka, maana mwisho wake ni mmoja: hazifikii kazi zake. Lakini ni magonjwa tofauti, kila moja lina mahali pake, na dawa ya hili haiponyi lile.

Ninaandika haya kwa ajili ya mwenye laptopu ya miaka kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Ile iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika na sasa ndiyo kompyuta ya nyumba nzima. Nimeona watu wengi mno wakipoteza picha za wazazi waliokwisha kufariki, rasimu za utafiti na hesabu za duka, wakati mashine yenyewe haikuwa imekufa. Ilitibiwa kabla ya kupimwa. Tiba yenyewe tunaijua sote: "ipige Windows". Kupiga Windows upya kwa haraka, kama inavyofanyika vibandani, kunafuta sehemu ya diski ambamo kazi zako zimelala. Ndiyo maana kabla ya kushika bisibisi au kutoa pesa nataka ujue jambo moja: imekwama hatua ya ngapi?

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows haihusiki bado. Kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vipande vyote, kuna kidhibiti kidogo ambacho kiko macho muda wote umeme ukiwepo. Hicho ndicho kinachopokea amri ya kidole chako na kuanza kufungua njia za umeme, moja baada ya nyingine. Chaja inaleta volti 19 hivi. Ndani ya mashine umeme huo unashushwa kuwa volti 5, volti 3.3, na kwa prosesa, ubongo wa mashine, volti moja hivi. Njia moja ikigoma, safari inaishia hapo. Zote zikifunguka, prosesa inaamka na kusoma programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao wenyewe, inayoitwa BIOS. Hiyo BIOS inakagua: ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ipo? Kibodi ipo? Kioo kipo? Hapo ndipo nembo ya kampuni inapotokea. Kisha inashika orodha yake ya mahali pa kutafuta mfumo endeshi, yaani programu kuu kama Windows au Linux, iwe diski, flashi, sidii au mtandao, na inapoupata inaukabidhi mashine. Kuanzia hapo ndipo mfumo huo unaanza kazi.

Kwa hiyo ukiona nembo, tayari umeshajua kwamba umeme unafika, prosesa inafanya kazi, ramu inasomeka na kioo kizima. Umepunguza washukiwa zaidi ya nusu bila kufungua skrubu hata moja. Na ukiona giza tupu bila nembo, kupiga Windows ni kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake, kwa sababu mashine haijafika hata mlangoni kwa Windows.

Kimya kabisa, hata taa hakuna

Hapa watu hukimbilia kusema ubao mama umekufa. Mimi huanza na chaja. Igeuze usome kibandiko chake. Upande wa umeme unaoingia umeandikwa 100–240V, maana yake umeme wetu wa volti 230 ukishuka jioni hadi 180, chaja nzima bado inaumudu. Upande wa umeme unaotoka ndio wa kutazama kwa makini. Ukiona 19V na 3.42A, zidisha: ni wati 65. Laptopu kubwa zaidi inaweza kutaka wati 90, yaani 19V kwa 4.74A. Ukiichomekea chaja ya wati 40 uliyoazima kwa jirani kwa sababu tu kichwa chake kimeingia, mashine inaweza kuonyesha taa, ikaanza kuvuma, halafu ikazima pale prosesa inapoanza kula umeme mwingi. Volti zilingane na zile zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue. Laptopu nyingi za Dell zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, na kazi ya pini hiyo ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda, au chaja ikiwa ya kuigiza, mashine inawaka lakini inakataa kuchaji betri na inakwenda kwa kujivuta.

Baada ya chaja kuna tundu lake. Ukichezesha kichwa cha chaja kidogo na taa ikawa inawaka na kuzima, tundu limelegea au risasi iliyolishikilia kwenye ubao imeachia. Hiyo ni kazi fupi kwa fundi anayejua kulehemu. Usiendelee kuitumia kwa kuibana na kitabu pembeni, kwa sababu kila inapogusa na kuachia inatoa cheche, na cheche hizo ndizo zinazokuja kuunguza ubao uliokuwa mzima.

Kuna tendo moja lisilogharimu chochote, na limeokoa mashine nyingi zilizopita mezani kwangu. Chomoa chaja. Toa betri; kama betri iko ndani, fungua mfuniko wa chini uchomoe waya wake. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa sekunde 30. Kwenye ubao huwa umebaki umeme kidogo hata baada ya kuchomoa kila kitu, na kile kidhibiti nilichokitaja kinaweza kubaki kimechanganyikiwa, hasa umeme ulipokatika ghafla. Kushikilia kitufe kunaumaliza umeme huo, nacho kinaanza upya. Rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu. Ikiwaka bila betri na kugoma ikiwa nayo, mgonjwa umeshampata. Na betri ikiwa imevimba hadi inainua kibodi, itoe, usiitoboe wala usijaribu kuibana irudi, iweke mbali na kitu chochote kinachoweza kuungua.

Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa tuna adui wa ziada. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi barani Afrika. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikipiga nguzo ya mbali, umeme unaruka kwenye nyaya na kuingia kwenye chaja. Vivyo hivyo umeme uliokatika unaporudi, dakika za kwanza unaweza kuja ukiyumba. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Ukirudi, subiri taa zitulie ndipo uchomeke.

Inavuma, lakini giza

Taa ipo, feni inazunguka, kioo cheusi. Kabla ya yote, chukua tochi ya simu, zima taa ya chumbani, umulike kioo kwa mshazari ukiwa umeinama karibu. Ukiona maandishi hafifu yamefifia kama yaliyoandikwa kwa maji, mashine imeshawaka; kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo au waya wake unaopita kwenye bawaba. Ithibitishe kwa kuiunganisha na runinga au skrini nyingine. Picha ikitoka huko, faili zako ziko salama na unaweza kuendelea na kazi leo hii wakati ukitafuta kioo.

Tochi isipoonyesha kitu, mshukiwa wa kwanza ni ramu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea mashine iliyokuwa ikivuma kimya namna hiyo kwa wiki mbili, ameshaambiwa anunue ubao mpya. Nilichomoa chaja na betri, nikafungua mfuniko mdogo wa chini, skrubu moja tu. Ramu inashikwa na vibanio viwili vya chuma pembeni. Ukivisukuma nje kwa kucha, inainuka yenyewe. Meno yake, ambayo huwa yanang'aa rangi ya dhahabu, yalikuwa na ukungu wa kahawia. Yeye anaishi chumba kilicho karibu sana na maji, dirisha halifungwi, unyevu unaingia usiku kucha. Nikachukua ufutio mweupe wa shule, nikayasugua meno upande huu na huu, nikayafuta kwa kitambaa kikavu mpaka yakang'aa, bila kuyagusa kwa vidole. Nikairudisha kwa mshazari hadi meno yote yakazama, nikaibonyeza chini ikalia *klik*. Nembo ilitokea sekunde chache baadaye. Kijana alishika kichwa.

Zikiwa ramu mbili, zijaribu moja moja, na kila moja kwenye kila tundu. Inawezekana ramu ni nzima ila tundu ndilo bovu. Sikiliza pia milio na utazame taa ya Caps Lock. Mashine ikishindwa kuonyesha kitu kwenye kioo, hutumia milio au kukonyeza taa kwa idadi maalumu kusema kinachoiuma. Kila kampuni ina hesabu yake, kwa hiyo uihesabu, uiandike, kisha utafute maana yake kwa jina la modeli iliyoandikwa chini ya laptopu. Na ukinunua ramu mpya, soma volti zake: laptopu za miaka ya 2013 hadi 2015 hivi nyingi zinataka ramu ya volti 1.35, na ukiweka ile ya 1.5 inaweza kukataa kuwaka kabisa, ukadhani umeuziwa mbovu.

Betri ndogo ya saa, na mwalimu wa Ukerewe

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo faili nyingi zinapofutwa bure.

Mwalimu mmoja wa sekondari alivuka kutoka Ukerewe na meli ya asubuhi, akaja moja kwa moja dukani na laptopu kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kule kwetu nimeambiwa diski imekufa, au labda ipigwe Windows. Lakini humu mna alama za kidato cha nne za mwaka mzima. Sina nakala."

Nikaiwasha. Nembo ikatokea, kisha ujumbe wa Kiingereza wenye maana kwamba kifaa cha kuwashia hakikuonekana, tafadhali weka mfumo endeshi kwenye diski. Laptopu nyingi za HP huandika ujumbe wa namna hiyo pamoja na namba 3F0, na kampuni nyingine zina maneno yao yanayofanana. Fikiria mtu anayesoma hayo: mashine yenyewe imemwomba aweke mfumo. Fundi wa kule hakuwa na nia mbaya, alitii alichokisoma. Lakini ujumbe huo unatoka kwa BIOS, na BIOS inajua jambo moja tu, kwamba ilipotafuta, haikupata. Haijui kwa nini.

Nikazima, nikawasha tena nikigonga kitufe cha kuingilia kwenye BIOS. Kwa nyingi ni F2; kwa HP ni F10 au Esc. Kitu cha kwanza nilichokitazama kilikuwa tarehe. Ilisema 1 Januari 2013. Cha pili, orodha ya vifaa: diski ilikuwepo, jina lake kamili na ukubwa wake wa GB 500. Diski iliyokufa kwa kawaida haijitaji jina. Nikamwambia mwalimu avute kiti.

Ndani ya laptopu nyingi za zamani kuna betri ya pili, ndogo kama sarafu, ambayo haihusiani na ile kubwa. Kwa kawaida ni CR2032: tarakimu mbili za mwanzo ni upana wake, milimita 20, na mbili za mwisho ni unene, milimita 3.2. Ina volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine imezimwa, na kwenye laptopu nyingi za zamani kulinda mipangilio ya BIOS isisahaulike. Chaja ikiwa imechomekwa au betri kubwa ikiwa na uhai, hiyo ndogo inapumzika. Lakini laptopu ambayo betri yake kubwa ilishakufa, inayotumika kwa chaja tu na kuchomolewa kila jioni, inaiachia betri ya sarafu mzigo wote wa usiku. Baada ya miaka kadhaa inaisha. Siku hiyo saa inarudi mwaka ambao BIOS iliandikwa, na mipangilio inarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Na hapo ndipo penye fumbo. Laptopu ya mwalimu ilitoka kiwandani wakati wa Windows 8, mfumo ulioingia sokoni 2012. Mashine za wakati huo zilipangwa kuwasha mfumo kwa njia mpya inayoitwa UEFI. Baadaye mtu fulani, huenda yule aliyemuuzia, alikuwa ameipiga Windows 7 kwa njia ya zamani, ile inayoitwa Legacy, na akabadilisha mpangilio wa BIOS ili ukubali. Ikafanya kazi miaka. Betri ya sarafu ilipokufa, BIOS ikasahau mabadiliko hayo na kurudi kwenye UEFI. Ikawa inatafuta mlango wa mbele katika nyumba yenye mlango wa uani. Diski nzima, Windows nzima, alama za wanafunzi nzima, na ujumbe unasema hakuna kitu.

Una ndugu yake, ugonjwa huu. Kuna mpangilio mwingine wa BIOS unaoamua namna ya kuongea na diski, AHCI au IDE. Ukibadilika kwa sababu hiyohiyo ya betri ya sarafu, Windows inaanza kupakia kisha inaanguka kwenye kioo cha bluu chenye namba inayoishia 7B. Hapo napo watu hupiga Windows. Kumbe dawa ni kurudi kwenye BIOS na kuugeuza mpangilio huo ulivyokuwa.

Nikabadilisha UEFI kuwa Legacy, nikarekebisha tarehe, nikahifadhi, mashine ikajiwasha. Vidoa vinne vya rangi vya Windows 7 vikaanza kukusanyika katikati ya kioo. Mwalimu hakusema neno. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kunakili folda ya alama kwenye flashi mbili, moja yake, moja nikamwazima. Ndipo nikafungua chini. Betri ya sarafu kwenye laptopu mara nyingi huwa imevalishwa plastiki nyeusi na ina waya mbili zenye kichwa kidogo cha kuchomeka. Mita ilisoma volti 1.9. Nikaweka nyingine. Gharama yote ya vifaa haikufika bei ya sahani moja ya chipsi kuku, na aliwahi meli ya mchana.

Tarehe ikiwa mbaya ina dalili nyingine ambayo wengi hawaihusishi na betri: mashine inawaka vizuri, lakini kila tovuti unayofungua inaonya kuwa si salama. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kuwa tuko 2013 inaona vyote bado havijazaliwa.

Windows inaanza, haifiki

Vidoa vinazunguka hadi asubuhi, au inajiwasha upya, inajiwasha upya. Hapa BIOS imeshamaliza kazi yake, tatizo liko kwenye diski au kwenye faili za Windows. Sikiliza kwanza. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono unaosoma juu yake. Mlio laini wa kuvuma ni wa kawaida. Ukisikia kugonga, *tak... tak... tak...*, mkono unatafuta na haupati. Zima saa hiyohiyo. Kila unapojaribu tena unaweza kuwa unakwangua kilichobaki. Usiikubalie pia programu ya kurekebisha diski ifanye kazi kwenye diski inayogonga. Inaisomesha diski nzima kwa saa nyingi wakati ambapo ina nguvu ya dakika chache tu. Zitumie dakika hizo kunakili.

Kama haigongi, ondoa flashi na kadi zote zilizochomekwa, kwa sababu BIOS inaweza kuwa inajaribu kuwasha kutoka kwenye flashi yako ya muziki. Kisha jaribu hali salama, ambamo Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Windows 7 unagonga F8 mara baada ya nembo. Windows 10 kitufe hicho hakiitikii. Ukikatisha uwashaji mara mbili au tatu mfululizo kwa kushikilia kitufe, yenyewe inakuletea ukurasa wa ukarabati. Ikiingia hali salama, ondoa programu uliyoweka mwisho, au kiendeshi, yaani programu ya kuendeshea kifaa.

Isipoingia, nakushauri usikubali kitu kingine chochote kabla ya kutoa kazi zako. Tengeneza flashi ya Linux, kwa mfano Ubuntu au Mint, kwenye kompyuta ya rafiki, washa laptopu kutoka hapo bila kusakinisha chochote, na diski yako itafunguka kama folda za kawaida. Zikifunguka kwa kusoma tu bila kuruhusu kuandika, usishtuke: Windows 8 na 10 hazizimiki kabisa zinapozimwa, huacha sehemu ya mfumo imelala kwenye diski, na Linux inaogopa kuivuruga. Kusoma kunatosha kunakili. Baada ya hapo, piga Windows unavyotaka, na ukiweza weka diski ya SSD mahali pa ile inayozunguka. Laptopu nyingi za kuanzia 2008 zinaipokea bila kubadilisha kitu kingine, na hakuna shilingi nyingine unayoweza kuitumia kwenye mashine ya zamani ikakurudishia kiasi hicho.

Tatizo la kuwaka kisha kuzima baada ya dakika kumi ni la joto, na kwetu lina sura yake. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wale vijidudu vidogo vya ziwani huinuka kwenye maji kama moshi na kuja kufuata taa. Ukifanya kazi usiku dirisha likiwa wazi, kioo cha laptopu ndiyo taa yenyewe, na feni inawavuta. Nimefungua feni nikakuta kati yake na mapezi ya kupoozea pamejengeka kitu kama kipande cha blanketi, vumbi na mabawa yaliyoshikana, unakitoa kizima kwa kibanio. Hewa haipiti, prosesa inakaribia nyuzi 100, mashine inajizima kujiokoa. Usipulizie kwa mdomo, mate yana maji. Tumia brashi laini, shikilia feni isizunguke, na kama miaka imepita mwombe fundi abadilishe pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Kuna ambazo hazirudi. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka Igombe alikuja na yake iliyomwagikiwa maji ndani ya mtumbwi. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini yanapitisha umeme vya kutosha, na yeye alikuwa ameijaribu kuiwasha ikiwa bado mbichi. Ubao ulikuwa na doa jeusi karibu na tundu la chaja na harufu ya kuungua. Nilimweleza wazi kuwa hii imekwisha, asimpe mtu pesa. Kisha nikatoa skrubu mbili upande wa pili, ambako maji hayakufika, nikavuta diski, nikaichomeka kwenye kebo ya SATA kwenda USB na kuiunganisha na kompyuta yangu ya dukani. Ikasubiri kidogo, ikafunguka. Aliinama juu ya bega langu akisoma majina ya folda, akaonyesha moja kwa kidole.

"Hiyo. Fungua hiyo, kaka. Ndiyo madeni."

Zilikuwa kurasa nne. Akaniomba nimtolee kopi mbilimbili.